Gitaa la Nne

Nilibonyeza kijiti cha kutetemeshea sauti kwenye gitaa la umeme la nne, nyuzi zikalegea, nikakiachia. Sauti ilirudi imeshuka, kama kwenye yale matatu ya kwanza.

"Hili nalo bovu," nikamwambia muuzaji. "Jukwaani litaniaibisha."

Akabana kipima sauti kwenye kichwa cha gitaa. "Hebu rudia, mzee wangu."

Nikarudia. Taa ya kipima sauti ikawaka kijani.

"Limerudi palepale," akasema kwa upole. "Na yale matatu yalirudi vilevile."

Nikamgeukia mke wangu, mwimbaji wa bendi yetu, ili amsute. Alikuwa ameinamia mkoba wake, anafungua zipu na kuifunga.

"Kwani hukusikia ilivyoshuka?"

Zipu ikatulia.

"Chukua lolote, mume wangu, yote ni mazima," akasema bila kuinua uso. "Chukua unalolipenda."