Uyoga na Sinia la Wali

Kamera za siku hizi hukataa picha yoyote inayofanana na iliyokwisha kupigwa. Msitu wetu mdogo nyuma ya nyumba, hapa Lushoto, ulikuwa umeshapigwa wote, jani kwa jani, ndege kwa ndege. Wiki nzima nilijaribu, nikakataliwa. Leo nikachukua sinia la bati la kupakulia wali, nikalitumia kuurushia uyoga jua kutoka chini, nao ukang'aa kama taa. Kamera ikakubali.

Nilirudi nyumbani nikipiga vigelegele. Mume wangu akaipokea kamera.

“Simama hapo, Mama Hoza, nikupige.”

“Unajisumbua. Uso huu imeukataa tangu siku ya harusi yetu.”

“Acha nijaribu tu.”

Kamera ikakubali. Akaishusha taratibu, akanitazama kana kwamba anamtafuta usoni mwangu yule mke aliyemzoea.