Bado Pawa Saplai

Modesti aliipima ile pawa saplai, kifaa cha kuipa kompyuta umeme, kiganjani kama mtu anayepima kuku mnadani, kisha akairudisha mezani.

"Nyepesi," alisema. "Hii ikiungua itaondoka na vifaa vingine vyote."

Abel, fundi kompyuta aliyetoka Mbeya na kufungua duka karibu na stendi ya Sumbawanga, alicheka. "Mzee wangu, wewe si mkulima wa ulezi? Haya umeyajulia wapi?"

"Kwa huyu." Alimnyooshea kidevu binti yake, Hellena. "Si ndiye anayenihutubia kila jioni?"

Hellena hakubisha. "Baba kasema kweli. Tunataka kitu cha kudumu. Tungoje nzito."

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya gemu, lakini haikuwa ya kujifurahisha. Rafiki yake Faith alikuwa ameshika chumba Mbeya; vijana wangelipia kucheza kwa saa, na mashine moja imara ingezaa nyingine. Fedha ilikuwa ya kubana, kwa hiyo baba na binti walipanga kila kipande kwa kutazama mbali: madabodi itakayokubali prosesa mpya baadaye, kadi ya grafiki ya mtumba lakini isiyochoka, kasha lenye nafasi ya feni za kutosha. Siku ambayo mashine ingewaka, Hellena angepanda basi.

Modesti aliiogopa siku hiyo kuliko ukame.

Tangu Mama Hellena afariki, nyumba yao ya Pito ilikuwa imekufa ganzi. Walikula, wakaosha vyombo, wakalala. Kisha yakaja mambo ya kompyuta, na Modesti, ambaye simu yake ilikuwa ya tochi, akajikuta anabishana kwa Kifipa juu ya ramu na joto la prosesa huku ugali ukipoa kati yao. Jioni moja alicheka mpaka akajisikia vibaya, kama aliyecheka msibani.

Basi Hellena alipotangulia nje ya duka, Modesti alimwinamia Abel. "Mwanangu, hiyo nzito isifike upesi. Akikuuliza, mwambie bado."

Abel alitazama meza. "Mpaka lini, mzee?"

"Nitakwambia."

Kwaresma ikaingia, Pasaka ikapita, mahindi yakakauka shambani. Kila Modesti alipouliza, Hellena alimjibu kwa upole, "Abel anasema bado pawa saplai." Halafu yeye mwenyewe alifufua jambo walilokwisha kulimaliza: labda kasha lile si zuri, labda wangoje ramu yenye kasi zaidi. Modesti alizidaka hizo "labda" kwa mikono miwili. Siku moja tu alishtuka kidogo, binti aliporudi kutoka mjini amefunga kidole kitambaa.

"Umefanya nini?"

"Bati limenikata," alisema, akaenda kuchochea moto.

Kisha ikaja jioni ya Juni, upepo wa baridi ukigonga madirisha. Hellena alikuwa akisonga ugali, hakuinua macho.

"Faith kapata mwenzake mwingine. Ana mashine tayari. Chumba kimekwenda."

"Hukumwambia asubiri?"

"Kasubiri sana, Baba. Nani angesubiri zaidi ya pale?"

Akapakua, akakaa, akauliza kama feni moja ya mbele ingetosha. Modesti alimtazama mtoto akichambua dagaa wa Kirando kana kwamba hakuna kilichoharibika, akajiona mwizi aliyekaribishwa chakula na aliyemwibia.

Asubuhi alifika dukani Abel akiwa ndiyo kwanza anafungua milango. Hakungoja shikamoo iishe.

"Nimemharibia mtoto," alisema. "Nilikwambia useme bado. Leo agiza hicho chuma, hata kama ni kuuza ng'ombe. Kifunge, aende zake, akaanze upya hata bila Faith. Nilichofanya nitamwambia mwenyewe, na akinichukia, basi."

Abel alimvutia kiti. Akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Sema," Modesti alisema. "Imeshindikana?"

"Mzee, ile nzito Hellena aliiagiza mwenyewe, ikaja kwa basi. Kompyuta kaifunga hapa hapa kabla ya Pasaka, ikawaka, tukaijaribu na gemu. Kisha akanishika mkono, akasema nisithubutu kukwambia, maana ikishakamilika mtarudi kula kimya."