Kikapu cha Kusubiri Sahihi

"Mama, kikapu cha takataka kimejaa. Nakimwaga," alisema fundi wa kompyuta aliyeletwa masijala asubuhi hiyo.

Bi Mwatumu akaifunika mausi kwa kiganja. "Humwagi kitu. Hayo ni maombi ya vyeti vya kuzaliwa."

Fundi akacheka. "Sasa mbona umeyatupa?"

Karani huyo mkongwe alinyanyua kikapu cha ukindu kilichokuwa pembeni ya meza, kimejaa karatasi zilizopangwa vizuri, akakitua mapajani mwa fundi.

"Miaka ishirini na sita, kila karatasi inayosubiri sahihi inakaa humu. Nimeona kikapu kwenye kompyuta, nimeweka. Aliyekichora alimuuliza nani?"

"Dunia nzima inajua maana yake, mama."

"Na sisi tunaishi wapi, mwezini? Rudisha watoto wa watu."

Fundi aliyarudisha maombi yote, mia moja na arobaini. Bi Mwatumu akakata vipande vya karatasi, akavipaka gundi. Juu ya kile kikapu cha kwenye kioo akabandika neno TAKA. Kisha akashuka na picha nyingine moja moja, fundi akitaja kazi ya kila moja, yeye akiandika na kubandika.

"Na hii ya duara lenye mshale?"

Fundi akainama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Si dunia nzima inajua?" Bi Mwatumu akamuuliza.

Ofisi yote ilikuwa imeacha kazi. Bi Mwatumu alishika kipande kitupu, kalamu hewani, gundi ikianza kumkaukia vidoleni.