Wageni Ndani ya Maua

"Kung'uta hii maua, Élodie. Iko na tududu."

Tantine Adèle, shangazi yake, alisema hivyo akipita na sahani za karanga, wala hakusimama. Élodie akainamia shada la kwanza. Kweli, ndani ya maua meupe aliyoyakata katika bustani aliyoilima marehemu papa yake, vidudu weusi, wadogo kama mbegu za mchicha, walikuwa wakila unga wa manjano. Alipowagusa wakapinduka, wakaruka kichwa chini miguu juu, wakapotelea sakafuni.

Tangu asubuhi mikono yake haikutulia. Alifunga kitenge kipya, akakifungua, akakifunga tena. Alikwenda dirishani kutazama barabara ya Nguba, akarudi. Hata lile neno moja ambalo wageni waliotarajiwa waliliomba kwake alikuwa amelitoa, akalirudisha, akalitoa tena. Mama yake, Camille, alikuwa amejifungia chumbani. Hakula; alisema tu kwamba neno la mwisho ni la binti yake.

"Kama papa angekuwa muzima," Élodie alisema, "hawa watu hawangekuja."

"Ni kweli," tantine alijibu. "Lakini ukikatala, watarudia kwao. Hakuna mutu atakulazimisha."

"Na Gracien?"

"Gracien atavumilia."

Hilo ndilo lililomuuma. Laiti mposaji huyo angekuwa na kasoro ya kumsaidia kukataa. Shada la mwisho hakulikung'uta. Alilitia katika chombo pamoja na vidudu wake, akaliweka mezani mbele ya kiti cha Gracien.

Wageni wakafika kutoka Minova, wamevaa suti. Gracien alikaa macho chini, kola ya shati jeupe imembana shingo. Msemaji wao, mzee waliyemwita tonton Floribert, akasimama.

"Mu hii nyumba tuliona ua," alisema. "Tunakuja kuliomba."

Ndipo vidudu walipoanza kutoka kwa joto la watu. Mmoja akaangukia ndani ya glasi ya Gracien, wengine wakampanda shatini. Tantine akamtupia Élodie jicho kali.

Gracien alimwopoa yule wa kwenye glasi kwa ncha ya kidole. Akawakusanya wengine kiganjani, taratibu, nao wakipinduka na kurukaruka kama watoto juu ya godoro, mpaka akacheka peke yake.

"Hapa ndani watakufa bure," alisema.

Akainuka katikati ya hotuba ya tonton, akatoka nao. Kupitia dirishani Élodie alimwona amepiga magoti penye maua ya papa, akiwa ndani ya suti yake, akiwashusha mmoja mmoja.

Aliporudi, suruali ilikuwa na udongo. Floribert akakohoa, akamgeukia Élodie.

"Tunangoja jibu yako, binti."

Akamtazama Gracien, akatazama udongo ule magotini.

"Ndiyo," alisema. "Ninakubali."

Vigelegele vikalia. Élodie hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa chumba, akaugonga.

"Mama," alisema, "toka. Bwana yako anakungojea."