Shubiri ya Safari

Nilimsomea mama mkwe kijitabu cha safari cha Kiingereza, nikimtafsiria kwa ujuzi wangu wa darasa la jioni. Kwenye meli ya Mto Rhine mgeni hapiki, hafui, hata kitanda anatandikiwa. Watoto wadogo hawapokelewi.

"Wallahi, ningekuwa mimi nisingeuliza hata huo mto uko wapi," alisema, huku akisaga shubiri. "Kalale, mwanangu."

Nikacheka. Tangu nijifungue sijalala usiku mmoja ukakamilika, na Ijumaa mimi na mume wangu tunaondoka hapa Ibra kwenda kwenye meli hiyo.

Nikaipaka shubiri kwenye ziwa langu, ili mtoto aache kunyonya kabla ya safari. Ilikuwa nyeusi na inanata, kama lami ya barabara mpya.

Binti yangu Fakhriya akaja kwa kutambaa, akanipanda mapajani, akanyonya. Uso ukamkunjamana. Akaachia, akanitazama mimi, si ziwa.

"Mwache alie," mama mkwe akasema. "Siku mbili atasahau."

Hakulia. Alilifuta ziwa kwa kiganja chake, akafumba macho kabisa, akanyonya tena, hivyo hivyo na uchungu wake.

Mume wangu akaita kutoka uani, "Pasipoti yako umeiweka wapi?"

"Mama," nikasema, "nipe maji na kitambaa, niioshe shubiri hii."