Chura na Sifa za Bwawa

Palikuwa na kimji kidogo, na msemaji wake mkuu alikuwa Chura. Alimwita kila mpita njia: "Hewa safi, jua la kiasi, na bwawa la kuogelea! Karibu ukae!"

Siku moja Kiboko aliitikia. Akajitumbukiza, chubwi! Maji yote yakaruka nje, yakateremka bondeni na Chura juu yake.

Kiboko akatazama tope. "Mji gani huu? Bwawa limekauka hata sijalowa mgongo!" Akaenda zake akisonya.

Chura akarudi akijikokota, matope hadi kidevuni. Mara akatokea Tembo.

"Bwawa lenu liko wapi?"

Chura akajipangusa kidevu. "Mambo ya zamani hayo, mzee. Siku hizi tuna kiwanja cha mpira, laini hata ukianguka huumii. Karibu ucheze!"