Pembe Zilipokutana

Mawifi walikuja kumcheka, na Mwanakheri alilijua hilo tangu walipovua viatu mlangoni. Mfarishi wake wa kwanza wa viraka ulikwenda upande kama mkeka uliotafunwa na mbuzi, na hadi leo ulikuwa ukisimuliwa katika kila harusi. Sasa alikuwa ameshona mwingine, wa kitanda cha binti yao anayeolewa.

"Tumesikia umefua vitambaa vipya kabla ya kuvikata," alisema Riziki, wifi mkubwa. "Vilikukosea nini?"

"Nguo mpya hufupika ikifuliwa, wifi. Bora ifupike kwangu kuliko kitandani kwa bibi harusi."

"Na huo wanga wa muhogo? Vilikuwa na njaa?"

Wakacheka, na Mwanakheri akacheka nao. "Kitambaa kilegevu hukimbia mkasi. Nimekitia wanga na pasi, kikatulia."

Kisha akautandika mfarishi sakafuni. Riziki akainama, akatafuta mahali viraka vinne vinapokutana, akapitisha ukucha. Akapitisha pengine, na pengine tena. Akafunua na upande wa chini. Kila mahali pembe zilikutana sawasawa.

"Ule wa kwanza ulikosea wapi?" aliuliza taratibu.

"Kila kiraka nilikipimia kwa kilichotangulia, kila kimoja kikazidi kidogo. Safari hii vyote nimevipimia kwa hiki kimoja."

Akampa kipande cha kadibodi, kingo zake nyeupe kwa chaki. Riziki akakigeuza mkononi. Hata chai ilipomiminwa, alikuwa bado amekishika.